Nondo wa viazi vitamu au nondo wa fuvu: umlee yupi?

Mvua za Aprili zikishakolea, simu yangu hujaa picha za aina moja: kiwavi mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, mistari ya mshazari ubavuni, na pembe moja imesimama mkiani. Nyingi hutoka hapa Luanda ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ninapofundisha, nyingine Busia na Kakamega, na bado kuna zinazotoka Njoro, nilikokaa miaka minne kabla ya kuhamia huku magharibi. Wazazi huuliza kama ana sumu na kama wamuue. Walimu wenzangu wa gredi ya nne na ya tano wana swali jingine: "Mwalimu, tunataka kufuga mmoja darasani watoto waone anavyogeuka. Tuchukue huyu wa viazi vitamu au yule mkubwa wa kwenye managu?"

Hilo la pili ndilo ninalolijibu hapa. Wote wawili ni nondo wa jamii ya Sphingidae, wenye mwili mnene uliochongoka nyuma na mabawa membamba ya kasi. Jina la jamii limetokana na sanamu ile ya Misri, Sfinksi, kwa sababu kiwavi akishtuka huinua kichwa na kifua, akatulia hivyo kama jiwe. Wa kwanza ni Agrius convolvuli. Nitamwita nondo wa viazi vitamu. Wa pili ni Acherontia atropos; nitamwita nondo wa fuvu, kwa alama aliyo nayo mgongoni. Nimewalea wote, kila mmoja zaidi ya mara moja, na siwezi kumwambia mtu "chukua huyu" kabla sijajua nyuma ya nyumba yake kumepandwa nini.

Kuhusu sumu, jibu ni fupi. Pembe ile haichomi na haina sumu. Viwavi hawa hawana manyoya ya kuwasha kama wale wenye nywele wanaowaacha watoto wakijikuna siku mbili. Mtoto anaweza kumbeba kiganjani. Anayeumia mara nyingi ni kiwavi, akiangushwa.

Nawapima kwa nini

Kwa mambo matano: chakula cha kiwavi na kama utakipata kila siku, urahisi wa kuwatambua, kazi ya kuwalea mpaka watoke, kile utakachokiona wakishapata mabawa, na majirani, maana mmoja hula marando (mashina na majani ya viazi vitamu) ya watu na mwingine huingia mizingani. La kwanza ndilo zito kuliko yote. Kiwavi wa jamii hii habadilishi jani ovyo. Ukimpa asilolijua, atakufa njaa juu ya chakula.

Chakula

Nondo wa viazi vitamu hutaga kwenye viazi vitamu na jamaa zake, yakiwemo yale maua ya kutambaa ya zambarau yanayopanda ua na nguzo za stima. Kwa mtu wa magharibi hapo hakuna taabu. Kuanzia Kabondo hadi Bungoma, ni boma gani lisilo na kipande cha marando? Hata asiyelima viazi vya kuuza huwa na kidogo kwa ajili ya ng'ombe. Marando hukaa kijani miezi mingi, watu hawayapigi dawa mara kwa mara, na mtoto anaweza kuja na fungu moja asubuhi likatosha siku mbili ukilisimamisha kwenye chupa ya maji. (Ziba mdomo wa chupa kwa kitambaa. Kiwavi hushuka na shina, akazama.)

Nondo wa fuvu hupenda mimea ya jamii ya mnavu: managu yenyewe, waru (viazi mviringo), biringanya, tumbaku, na ile datura yenye maua meupe marefu na tunda la miiba. Hupatikana pia kwenye lantana. Nikiwa Njoro nilidhani chakula chake hakitanisumbua kamwe, kwa sababu waru ilituzunguka pande zote, kutoka kwetu hadi Molo na Mau Narok. Nilikosea. Waru hupigwa dawa, ya ukungu na ya wadudu, na jani lililopigwa dawa ya wadudu wiki iliyopita bado linaweza kuua. Nilipoteza viwavi watatu kwa siku moja kwa sababu ya majani niliyopewa kwa moyo mwema na jirani. Tangu hapo hula managu niliyopanda mwenyewe, mistari miwili nyuma ya darasa. Managu ya sokoni siyagusi, maana sijui yalipotoka.

Datura ipo kando ya barabara nyingi na kiwavi huila vizuri, lakini ni mmea wenye sumu kali kwa binadamu. Mahali penye watoto usiilete kabisa.

Ulaji nao hutofautiana. Kiwavi wa fuvu aliyekomaa hufika sentimita 12, wakati mwingine 13. Wa viazi vitamu huishia kwenye 9 au 10. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye rula, lakini kwenye majani ni kubwa sana. Wiki ya mwisho kiwavi mmoja wa fuvu humaliza tawi zima usiku mmoja, na mistari yangu miwili ya managu haijawahi kutosha zaidi ya wanne.

Kuwatambua

Usitegemee rangi. Wa viazi vitamu huwa wa kijani au wa kahawia. Wa fuvu huwa wa manjano, wa kijani au wa kahawia. Tazama mmea uliomkuta juu yake, kisha tazama pembe. Ya kiwavi wa viazi vitamu ni laini, imepinda upande mmoja kama mundu. Ya kiwavi wa fuvu ina vipele vidogo kama ulimi wa ng'ombe, huinama chini kisha ncha ikajikunja juu tena. Ukimgusa wa fuvu utamsikia akigonganisha taya, tik tik tik. Watoto wangu humwita "saa".

Wakishaingia udongoni na kuwa pupa, ile hatua ya kugeuka kutoka kiwavi kuwa nondo, huhitaji utaalamu wowote. Pupa wa viazi vitamu ana kitu kama mkono wa birika umejipinda mbele ya kichwa. Ni ala ya ulimi. Ulimi unaotengenezwa humo ndani ni mrefu mno hata hautoshei mwilini. Pupa wa fuvu hana mkono huo. Ni laini, wa kahawia iliyoiva, anang'aa kama kiti kilichopigwa vanishi.

Nondo wenyewe hawafanani hata kidogo. Wa viazi vitamu ana mabawa ya kijivu yenye michoro ya gome la mti, na akifunua tumbo unaona mistari ya waridi na nyeusi kila upande. Wa fuvu ana mabawa ya mbele ya giza, ya nyuma ya manjano, tumbo la manjano lenye mikanda myeusi, na pale nyuma ya kichwa ile alama. Akikunjua mabawa anaweza kufika sentimita 13.

Kazi ya kuwalea

Mwanzo ni mmoja kwa wote: tafuta mayai au viwavi wadogo, si wakubwa. Mayai hutagwa moja moja, mara nyingi chini ya jani, na hayazidi milimita mbili. Sababu ninaijua kwa uchungu. Mwaka mmoja tulileta kiwavi mkubwa mzuri wa viazi vitamu, watoto wakampa jina, akaingia udongoni salama, na badala ya nondo wakatoka nzi. Walikuwa wametaga juu yake kabla hatujamchukua. Kulikuwa na msichana aliyelia, na sikuwa na la kumwambia ila kweli yenyewe, kwamba hivyo ndivyo viwavi wengi wanavyoishia. Hilo nalo ni somo, ila lisiwe la kwanza.

Kiwavi wa viazi vitamu hula wiki tatu hadi nne. Pupa wake huchukua siku chache kama tano kukiwa na joto, au karibu wiki nne kukiwa na baridi. Hapa Luanda ninapata nondo ndani ya muhula mmoja bila kukimbizana na kalenda, na Kisumu ambako joto ni kubwa mambo huenda haraka zaidi. Ndoo yenye udongo wa kina cha kiganja inamtosha.

Wa fuvu huhitaji subira zaidi na udongo wa kina zaidi. Huchimba chini sana, akajitengenezea chumba, na ukimpa udongo mfupi atahangaika juu juu mpaka achoke. Mimi hutumia ndoo ya lita 20, udongo zaidi ya nusu, unyevu wa kukamatika mkononi bila kudondosha maji. Njoro, penye baridi, nimewahi kusubiri hadi nikadhani amekufa. Kama muhula umebaki wiki tano, usianze naye. Shule zitafungwa na nondo atatokea darasani hamna mtu.

Jambo moja watu wengi hulisahau kwa wote wawili. Nondo akitoka, mabawa yake ni madogo na yamekunjamana. Ni lazima apande mahali pa wima penye mikwaruzo, aning'inie, damu iingie mabawani, yanyooke. Plastiki tupu ya ndoo inateleza. Akishindwa kupanda, mabawa hukauka yakiwa yamekunjana na hataruka maisha yake yote. Simamisha vijiti ndani ya ndoo au ning'iniza kipande cha gunia. Kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Wakishapata mabawa

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, na ndipo uamuzi wa watu wengi hubadilika.

Ulimi wa nondo wa viazi vitamu hufika sentimita 10 na kupita, mara mbili ya urefu wa mwili wake. Huuviringisha chini ya kichwa kama utepe wa kupimia. Jua likishazama huja kwenye maua marefu meupe yanayonukia jioni, akasimama hewani mbele ya ua bila kutua, akaunyoosha ulimi ndani na kunywa. Mabawa huyaoni, unaona kivuli tu na kusikia mvumo. Watoto wa darasa langu wamekaa kimya dakika ishirini nzima wakimtazama, na anayewajua watoto wa gredi ya tano ataelewa uzito wa hayo. Papai ndilo ua lake la karibu kwetu. Mipapai mingi ina mti dume na mti jike, na chavua haifiki kwa jike ila mdudu aibebe. Watafiti waliochunguza mipapai nchini Kenya walikuta nondo wa jamii hii ndio wanaofanya kazi hiyo, jioni na usiku. Yule kiwavi aliyekula marando yako anaweza kuwa ndiye aliyekupa papai.

Nondo wa fuvu hana habari na maua marefu. Ulimi wake ni mfupi, sentimita moja na nusu hivi, mgumu, wenye ncha ya kutoboa. Chakula chake ni asali. Usiku huingia mzingani, akatoboa nta na kunywa. Nyuki wanaomshambulia kila mgeni humwacha huyu apite, na sababu ilipatikana mwaka 1991: ngozi yake ina aina nne za mafuta zile zile zilizo kwenye ngozi ya nyuki, kwa hiyo gizani ananuka kama mwenzao. Ngozi yenyewe ni nene pia, akidungwa huvumilia.

Na ana sauti. Mara ya kwanza nilipomshika mmoja Njoro nilidhani nimekanyaga panya. Hulia kwa kuvuta hewa kooni na kuitoa tena, kama kodiani ndogo. Mvulana aliyekuwa kando yangu alisema, "Mwalimu, anaongea!" akarudi nyuma hatua tatu, halafu akaomba amshike yeye. Nondo wengi tunaowaona kwenye taa za kibaraza ni bubu kwa masikio yetu. Huyu unamsikia ukiwa mlangoni.

Wote wawili ni wasafiri. Wa viazi vitamu hutoka Afrika akafika Ulaya, hata Iceland. Safari ya nondo wa fuvu ndiyo imefuatwa kwa karibu: mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti waliowafunga nondo 14 vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ya redio, wakawafuata usiku kwa ndege ndogo kuelekea milima ya Alps. Waliwafuata hadi kilomita 80, na nondo walishika njia iliyonyooka hata upepo ulipowapinga. Kilomita 80 ni karibu sawa na kutoka Kisumu hadi Bungoma ukienda moja kwa moja angani. Nikiwaambia watoto hivyo, wanamtazama yule mdudu kwenye gunia kwa macho mengine.

Kwa kumlisha, wa fuvu ni rahisi: asali kidogo iliyochanganywa na maji, ulimi wake mfupi unaifikia. Wa viazi vitamu ni vigumu kumnywesha kwa mkono kwa sababu ya ulimi ule ule tunaoustaajabia. Mwachilie usiku huo huo karibu na maua.

Majirani watasema nini

Mkulima wa viazi vitamu ana haki ya kuuliza kwa nini shule inafuga mharibifu. Viwavi hawa wakiwa wengi hula shamba likabaki vijiti. Lakini wingi huo hautokei kila msimu, na kwa shamba la kawaida kuwaokota kwa mkono kunatosha. Tafuta kinyesi chini ya majani, kama punje kubwa za pilipili manga, kisha inua macho juu yake. Ukilima kati ya msimu na msimu, pupa huibuka juu na ndege huwamaliza. Adui mkubwa wa viazi vitamu ni fukusi anayetoboa kiazi chenyewe, na kwake nguvu zetu zingetumika vizuri zaidi kuliko kwa kiwavi mwenye pembe. Mimi humwendea mkulima kabla, nikamwomba niokote viwavi shambani kwake. Hajawahi kukataa hata mmoja.

Kwenye waru, kiwavi wa fuvu huonekana mmoja hapa mmoja pale, na mkulima ana mambo mazito zaidi ya kumkosesha usingizi. Kwa mfuga nyuki hali ni tofauti. Mzee mmoja wa upande wa Nandi alinionyesha nondo aliyekufa ndani ya mzinga wake, nyuki wamempaka gundi yao mwili mzima kwa kuwa hawakuweza kumtoa. "Mwalimu," aliniambia, "huyu akiingia mmoja simjali. Wakiwa wengi, mzinga mdogo unaumia." Dawa yake ilikuwa kupunguza mlango wa mzinga kwa kipande cha mbao, nyuki wapite na nondo mnene abaki nje. Kama jirani yako ana mizinga, mwambie unafanya nini, na nondo wako waachilie mbali na hapo.

Kisha kuna ile alama. Wapo wanaoogopa kuona fuvu juu ya mdudu, na majina yake ya kisayansi hayasaidii: Acheron ni mto wa kuzimu katika hadithi za Wagiriki, na Atropos ndiye aliyekata uzi wa uhai.  Kama kuna mzazi au mzee asiyependa nondo huyu aingie shuleni, msikilize, umwonyeshe ukiwa nje mchana. Nimeona watu wazima wakibadili nia dakika ile nondo anapolia. Nimeona pia mama mmoja aliyeondoka bila neno, na siku iliyofuata nikahamisha ndoo nyumbani kwangu.

Yupi kwa nani

Shule ya Busia, Kakamega, Vihiga, Homa Bay au Kisumu inayoanza kwa mara ya kwanza: nondo wa viazi vitamu. Chakula kipo, muda unatosha, na ukikosea unaweza kuanza tena wiki ijayo bila kumsumbua mtu.

Uko Molo, Njoro au Elburgon, marando ni ya kutafuta, lakini una mahali pa kupanda managu bila dawa: nondo wa fuvu, ukianza wiki mbili za mwanzo wa muhula. Bila managu yako mwenyewe, usianze.

Mzazi mwenye mtoto mmoja mwenye subira na maswali mengi atafurahia wa fuvu zaidi. Kiwavi anagonga taya, nondo analia, analamba asali mbele ya macho. Kwa darasa la watoto hamsini wanaotaka kuona kitu wote kwa pamoja, jioni ya ua na ulimi ni bora.

Mpiga picha asiyetaka kufuga chochote, mfuate wa viazi vitamu, kwa sababu atakuja mwenyewe mahali unapopajua saa unayoijua. Wa fuvu itabidi umngoje kwenye taa au umwombe mfuga nyuki akuite.

Mwenye mizinga nyumbani, au mwenye shamba la viazi vitamu la kuuza: lea yule asiyegusa riziki yako. Hapo hakuna haja ya kufikiri sana.

Na kama huna ndoo, huna managu, huna muda, ila una mpapai dume uani, toka nje saa moja kasorobo jioni mwezi wa Mei. Kaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka shinani. Zima taa ya kibaraza. Tochi usiiwashe mpaka usikie mvumo, na ukiiwasha, imulike pembeni ya ua, si juu yake.